Kununua kiwanja na kujenga Bagamoyo: sheria inapokulinda na inapokugharimu

Ukishapita Bunju kuelekea Bagamoyo, kuanzia Mapinga vibao vya "viwanja vinauzwa" havikatiki. Viwanja viwili vya ukubwa uleule, vimetengwa na njia ya vumbi tu, kimoja bei yake iko juu sana na cha pili bei ya kutupa. Mchanga ni uleule. Cha kwanza kimepangwa, kimepimwa na kina namba. Cha pili kina karatasi ya mauziano na mhuri wa mwenyekiti. Bei ndogo ya hicho cha pili ni bei ambayo haki zimeshakatwa humo ndani, na gharama za kuzirudisha zitamwangukia mnunuzi. Mara nyingine kuzirudisha kunawezekana na unatoka na faida. Mara nyingine haiwezekani kabisa, hata uwe na fedha kiasi gani. Kazi yako ni kujua ni ipi kati ya hizo mbili kabla hujatoa shilingi.

Ardhi hiyo iko fungu gani?

Kisheria ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Unachonunua ni haki ya kukaa na kutumia, pamoja na maendelezo yaliyo juu ya ardhi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinaigawa ardhi mafungu matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Bagamoyo mafungu yote matatu yapo na yamebanana. Mjini, kama Dunda na Magomeni, mambo huenda kwa utaratibu wa ardhi ya jumla. Ukiingia ndani, kama Yombo au Fukayosi, unakutana na vijiji. Ukisogea mlango wa mto Ruvu kuna mikoko, ambayo ni hifadhi ya msitu, na kaskazini kabisa iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Kwenye ardhi ya jumla hati hutolewa chini ya Kamishna wa Ardhi kwa kipindi maalumu: miaka 33, 66 au 99. Kwenye ardhi ya kijiji kuna hatimiliki ya kimila, inayosimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Hapa ndipo wageni kutoka Dar es Salaam wanapoumia zaidi. Mtu asiyeishi wala kufanya kazi kijijini hanunui kwa kupatana na muuzaji peke yake: uhamisho lazima upate idhini ya Halmashauri ya Kijiji, la sivyo ni batili. Na kama si mwanakijiji anayekuuzia bali kijiji chenyewe ndicho kinachokugawia, lazima Mkutano Mkuu wa Kijiji uwe umeidhinisha kwanza. Mhuri wa mwenyekiti pekee haufanyi kazi hiyo. Omba nakala ya muhtasari wa kikao wenye tarehe, ajenda, orodha ya mahudhurio na sahihi. Muhtasari ulioandikwa jioni ile unayolipa, bila mahudhurio, usiupokee.

Vijiji vya kando ya lami ndivyo vinavyochanganya watu: Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Humo kuna sehemu zilizokwisha kupangwa kimji na sehemu zinazoendeshwa kama kijiji, na mstari kati yake hauonekani kwa macho. Andika barua kwa idara ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya ukiuliza mambo matatu. Eneo hili limetangazwa kuwa eneo la mipangomiji? Lina mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa? Na ndani ya mchoro huo, sehemu hii imepangwa iwe nini? Swali la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote. Eneo lililochorwa kuwa shule, soko, makaburi au eneo la wazi halitapewa hati ya makazi, hata ukilizungushia ukuta na kuhamia. Dai jibu la maandishi. Jibu la mdomo la ofisini halina msaada siku ya kesi.

Uchunguzi kabla ya kulipa

Kama kiwanja kimepimwa, muuzaji atakupa namba ya kiwanja, kitalu na ramani ya upimaji. Usitosheke na kuonyeshwa bikoni (mawe ya mpaka) mbili za mbele. Kodi mpima ardhi mwenye leseni aje na kifaa chake alinganishe koordineti za ramani iliyosajiliwa na bikoni zilizopo. Bikoni husogezwa, huzikwa na fundi wa fensi, au huwa za kiwanja cha jirani. Gharama ya siku moja ya mpima ni ndogo ukilinganisha na kubomoa ukuta.

Kisha omba upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati. Kwa Bagamoyo faili liko chini ya Ofisi ya Ardhi ya Mkoa wa Pwani, Kibaha. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio lililowekwa na mtu mwingine. Ufanye mara mbili: kabla ya kuandikiana, na tena siku chache kabla ya malipo makubwa. Zuio linaweza kuingia katikati, na aliyepekua mwezi uliopita hatalijua.

Kuna uchunguzi ambao ofisi haiwezi kukufanyia, ni wa familia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwenzi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe, na Sheria ya Ardhi inamtaka mnunuzi ajiridhishe kama ridhaa hiyo ipo. Kauli ya "mke wangu anajua" haikukingi. Ichukue kwa maandishi, mbele ya wakili. Kama muuzaji ana wake wawili, chukua ridhaa za wote wawili. Kama anasema hana mke, aape kiapo cha maandishi.

Ardhi ya urithi ina adabu yake. Anayeruhusiwa kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinaweza kumpendekeza msimamizi, lakini muhtasari wa ukoo si uteuzi. Hata ukiwa na barua ya mahakama, wasainishe warithi wote watu wazima kama mashahidi wa kuridhia, maana kesi nyingi huanzishwa na yule kijana aliyekuwa Muscat au Mombasa siku ya mauzo. Uliza pia misikitini na kwa wazee kama shamba hilo si wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, hata mtunzaji wake akisaini mara kumi.

Halafu minazi. Pwani hii ni kawaida shamba kuwa la mtu mmoja na minazi au miembe iliyomo ikawa ya mwingine, aliyepewa na babu apande. Andika kwenye mkataba idadi ya miti, nani mwenyewe, na kama bei inaihusu. Usipoandika, siku utakapoleta katapila ndipo mwenye minazi atakapotokea.

Mara chache, hasa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, utaonyeshwa hati ya zamani ya umiliki usio na kikomo, ya enzi za Mjerumani au Mwingereza. Ni karatasi nzuri ya kuweka kwenye fremu. Umiliki wa aina hiyo uligeuzwa mwaka 1963 kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na baadaye upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi. Kinachotakiwa ni hati ya sasa yenye jina la muuzaji.

Mipaka inayokula kiwanja

Barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati; zamani ilikuwa 22.5. Ndiyo asili ya alama za X unazoziona kutani: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye hana fidia, na kijani kwa aliyekutwa na nyongeza ya mita 7.5, ambaye anastahili kulipwa akitakiwa kuondoka. Chukua futi kamba, pima mita 30 kutoka katikati ya lami. Fremu za biashara zinazouzwa "zinatazama barabara" mara nyingi zinatazama ndani ya hifadhi.

Bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nenda ukapime siku za bamvua, si maji mafu. Kiwanja kilichoonekana kiko mbali na maji kinaweza kupoteza nusu yake ukipima kutoka alama ya maji makubwa. Mikoko usiiguse kabisa, hata kama "mwenyewe" ana karatasi.

Mji Mkongwe una sheria zake za mambo ya kale. Kabla ya kubomoa ukuta wa mawe na chokaa, kuongeza ghorofa au kubadili paa, unahitaji idhini ya wahusika wa malikale, juu ya kibali cha kawaida cha ujenzi. Hata mlango una ulinzi wake: milango na fremu za kuchongwa za mtindo wa Kiafrika au wa mashariki zilizotengenezwa Tanganyika kabla ya 1940 ni vitu vinavyolindwa kisheria. Nyumba ya humo inaweza kuonekana rahisi kuinunua, lakini gharama yake iko kwenye ukarabati: chokaa badala ya saruji, boriti, fundi anayejua, na muda wa kusubiri majibu.

Kununua ekari na kugawana

Watu kadhaa kuchanga na kununua ekari ni njia nzuri ya kupunguza bei, ila hesabu yake hukosewa palepale kila mara. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Mnagawa kwa 400 (yaani 20 kwa 20), mnaona viwanja 10, mnauziana 10. Mpangaji miji akija, anadai njia. Ekari ya mraba ina upande wa mita 63 na ushei. Barabara moja ya mita 8 katikati inakula zaidi ya mita za mraba 500, na vinabaki viwanja 8. Wawili kati yenu mmelipia barabara. Choreni kwanza, gawaneni baadaye, na andikeni mapema kwamba ardhi ya njia inatoka kwa wote kwa uwiano.

Kanuni hizi ndizo zinazopandisha bei ya kiwanja kilichopimwa, na ni halali kulalamika kwamba ukubwa wa chini na upana wa njia zinamsukuma mwenye kipato kidogo nje ya mpango. Lakini gari la zimamoto na gari la majitaka yanahitaji pa kupita, na nyumba isiyo na njia benki haiitaki.

Mkataba na kodi

Kaandikianeni kwa wakili. Mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji na majirani wa pande zote nne wawe mashahidi wa mipaka. Ukidaiwa "asilimia kumi ya ofisi", fahamu kwamba sheria za ardhi haziitozi, na wala haikupi haki yoyote. Kama kijiji kina ada iliyopitishwa rasmi, ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali na upewe stakabadhi.

Tuchukue mfano wa kiwanja chenye hati cha shilingi milioni 12, ambacho muuzaji alikinunua kwa milioni 5 na ana mkataba wa wakati huo. Ongezeko ni milioni 7, na kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10, yaani 700,000. Asiye na kumbukumbu za gharama hukadiriwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa milioni 12 ni 360,000. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, yaani 120,000. Kuna misamaha: nyumba ambayo muuzaji ameimiliki miaka 3 au zaidi na kuishi humo angalau miwili, kama faida haizidi milioni 15, na shamba lenye thamani chini ya milioni 10 lililolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia.

Kodi ya ongezeko ni ya muuzaji, lakini uhamisho hausajiliwi bila uthibitisho wa TRA. Ukishamlipa yote akazima simu, utailipa wewe. Kwa hiyo bakiza sehemu ya bei, tuseme asilimia 10, iandikwe kwamba italipwa akileta uthibitisho huo. Na usikubali kuandika bei ndogo ili "kuokoa kodi". Mauzo yakibatilishwa, utarudishiwa kilichoandikwa. Ukija kuuza, ongezeko lako litahesabiwa kutoka kwenye bei hiyo ndogo.

Kwa ardhi iliyosajiliwa utajaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, uambatishe hati halisi, mkataba, taarifa ya uthamini, stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi, vitambulisho vya NIDA, picha na ridhaa ya mwenza. Faili likirudi, mara nyingi ni deni la pango la ardhi au jina kwenye NIDA lisilolingana na la kwenye hati. Hayo yarekebisheni kabla ya kwenda Kibaha, nauli ni yako.

Kupata hati, kisha kuilinda

Eneo lisilopimwa linaweza kurasimishwa: wakazi wanakubaliana, mchoro wa mipangomiji unaandaliwa na kuidhinishwa, upimaji unafanyika, halafu kila mtu anaomba hati yake. Kasoro kubwa ni kuchangia kampuni ya upimaji kabla mchoro haujaidhinishwa. Bikoni zinapandwa, watu wanapiga makofi, na miaka inapita bila namba za viwanja. Lipeni kwa awamu: sehemu baada ya mchoro kuidhinishwa, sehemu baada ya ramani ya upimaji kusajiliwa.

Hati ikitoka ina masharti, na wengi hawayasomi. Kwa kawaida unatakiwa kuendeleza ndani ya miezi 36, kutumia kwa matumizi yaliyotajwa tu, na kulipa pango kila mwaka. Kuvunja masharti kunaweza kufikisha kwenye ilani na hatimaye kufutiwa miliki. Kama fedha za kujenga zimechelewa, andika barua kuomba muda kabla muda haujaisha, na tunza nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Kibali cha ujenzi huombwa halmashauri, siku hizi kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, kwa michoro ya jengo, uthibitisho wa umiliki na stakabadhi za pango. Nyumba ya ghorofa inahitaji pia michoro ya mhandisi. Kabla ya kumlipa mchoraji, uliza umbali wa kuacha kutoka kwenye mpaka. Tuseme kiwanja ni mita 15 kwa 20 na unatakiwa kuacha 3 mbele, 3 nyuma na 1.5 kila ubavu: kinachobaki cha kujengea ni 12 kwa 14, mita za mraba 168 kati ya 300. Ramani ya nyumba uliyoipenda mtandaoni huenda isiingie. Na usichimbe msingi ukingoja kibali "kitoke tu". Msingi uliokosea mpaka kwa mita moja ni saruji na nondo zilizokwenda bure.

Ukishahamia, kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU: 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na zaidi kwa nyumba ya ghorofa. Nyumba moja ikiwa na mita kadhaa, ripoti TRA ili ikatwe kwenye mita moja. Kwa nyumba ya kupanga, anayenunua umeme ni mpangaji ilhali kodi ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo waandike kwenye mkataba jinsi ya kufidiana. Sheria ya kudhibiti kodi za pango la nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kiwango cha kodi ya pango, muda wa ilani na malipo ya miezi sita au mwaka mzima vinategemea mlichoandikiana.

Serikali ikiitaka ardhi

Bagamoyo hili si jambo la nadharia. Eneo maalumu la uchumi huko Zinga na mpango wa bandari ya Mbegani vimepandisha na kushusha bei za viwanja kila habari inapotoka. Usinunue ardhi iliyokwisha kutathminiwa kwa fidia: jina litakalolipwa ni la kwenye daftari la tathmini, si lako.

Ukikutwa, fidia si bei ya nyumba tu. Kanuni za 2001 zinajumuisha thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi 36, usafiri wa mizigo ya tani 12 hadi kilomita 20, na upotevu wa faida kwa biashara inayothibitishwa kwa hesabu. Kuwepo siku ya tathmini ni lazima. Hesabu miti mwenyewe, piga picha zenye tarehe, usisaini fomu yenye nafasi tupu. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka malipo ndani ya miezi sita tangu tathmini kuidhinishwa. Baada ya hapo riba inaanza, na ikipita miaka miwili tathmini lazima irudiwe.

Mgogoro ukizuka

Anza Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa, chukua cheti cha kushindwa kusuluhisha, maana bila hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakupokea, isipokuwa siku hizo 30 zimepita bila usuluhishi. Baraza la Wilaya linasikiliza madai ya kurejeshewa ardhi yasiyozidi thamani ya shilingi milioni 300. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, na kumvumilia jirani aliyejenga kwako kwa sababu ni shemeji hakusimamishi saa hiyo.

Unayemshtaki akiwa ni kijiji au halmashauri, njia ni nyingine na ni ghali zaidi. Kwa marekebisho ya 2020 unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kufungua shauri Mahakama Kuu. Aliyefungulia Baraza la Wilaya shauri hilo huondolewa mapema, amepoteza ada na miezi. Kwa hiyo kama mgogoro wako unatokana na ugawaji wa kijiji, muulize wakili jambo hili siku ya kwanza, kabla hajaandika chochote.